Kukaza na Kushikiza: Uso wa Meza katika Historia ya Useremala na ya Kiswahili

Historia ya msamiati wa Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata maneno yenye heshima: maneno ya dini, ya sheria, ya utawala na ya biashara ya masafa marefu. Maneno ya karakana hutajwa pembeni, na yanapotajwa huishia katika orodha za maneno ya mkopo, kila neno na lugha lilikotoka, kana kwamba kazi ya mwanaisimu imekwisha pindi cheti cha kuzaliwa kwa neno kinapopatikana. Mhadhara huu unashughulikia jambo dogo la useremala, yaani namna uso wa meza uliotengenezwa kwa mbao halisi unavyounganishwa na fremu na miguu yake. Ni jambo ambalo mtumiaji wa meza hulifikiria siku moja tu, siku uso huo unapopasuka. Hata hivyo limewashughulisha mafundi kwa karne nyingi, na Kiswahili, kama itakavyoonyeshwa, kina namna yake ya kulisema ambayo waundaji wa istilahi hawajaitumia vya kutosha.

Ubao baada ya mti

Kabla ya kuingia katika historia yafaa kulieleza tatizo lenyewe. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Maji yaliyomo katika matundu ya seli hutoka kwanza, na katika hatua hiyo ubao haubadiliki umbo. Unyevu unapoteremka chini ya asilimia 28 hadi 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, maji yaliyoshikwa na kuta za seli huanza kutoka nayo, na hapo ndipo ubao unapoanza kusinyaa. Hausinyai sawasawa pande zote. Urefu wake, kwa kufuata nyuzi za mti, hubadilika kidogo mno, kiasi cha asilimia 0.1 tu. Upana wake hubadilika sana, na mara nyingi ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara za ukuaji wa mti husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kutoka kwenye moyo kuelekea kwenye gome.

Miti nayo hutofautiana. Mvule, kutoka hali ya ubichi hadi ukavu kamili wa tanuri, husinyaa asilimia 3.8 kwa kufuata duara na asilimia 2.8 kutoka moyoni kwenda gomeni. Msaji ni asilimia 5.8 na 2.5. Mwaloni mweupe wa Marekani, mti wa samani nyingi za nchi za baridi, hufikia asilimia 10.5 na 5.6. Tarakimu hizi huonekana ndogo mpaka zipimwe mezani. Ikichukuliwa meza yenye upana wa sentimita 90, na unyevu wa mbao ukashuka kutoka asilimia 14 hadi 8, uso wa mvule utapungua kwa milimita 7 hivi, na uso wa mwaloni kwa milimita 19. Kitu cha kuzingatia ni kwamba mabadiliko haya hayakomi mbao zikishakauka. Ubao hupokea unyevu wa hewa msimu wa mvua na kuutoa msimu wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka, hata ukiwa umepakwa rangi au vanishi, kwa kuwa rangi huchelewesha tu safari ya unyevu wala haiizuii.

Sasa chini ya uso huo pana fremu. Mbao mbili za fremu hupita kwa mapana ya meza, na nyuzi zake hufuata urefu wake. Kwa hiyo hazirefuki wala hazifupiki. Juu pana kitu kinachotanuka na kusinyaa, chini pana kitu kisichobadilika, na katikati pana msumari. Uso ukitaka kusinyaa na msumari ukakataa, lazima kitu kimoja kishindwe: ama uso upasuke kwa kufuata nyuzi zake, ama viungo vya fremu viachane, ama msumari wenyewe upinde. Mara nyingi hushindwa uso.

Meza zilizobebwa na meza zilizolala

Kwa muda mrefu Ulaya haikulijua tatizo hili, kwa sababu haikuwa na uso uliounganishwa na kitu. Katika kumbi za mabwana wa Zama za Kati meza kwa kawaida ilikuwa ni mbao ndefu zilizolazwa juu ya vitegemeo vya miguu. Chakula kilipokwisha mbao ziliegemezwa ukutani na ukumbi ukabaki wazi kwa shughuli nyingine. Uzito wa mbao ndio uliozishikilia, nazo zilitanuka na kusinyaa zilivyotaka. Meza iliyokaa mahali pamoja daima ilikuwa ishara ya ukwasi, na ndiyo maana Geoffrey Chaucer, alipomchora bwana mmoja mkarimu na mpenda kula katika The Canterbury Tales mwishoni mwa karne ya 14, hakukosa kumpa meza ya namna hiyo, meza "iliyolala" ukumbini mchana kutwa.

Lugha zimehifadhi kumbukumbu za zama hizo. Katika Kiingereza neno la ubao, 'board', likawa neno la meza, kisha la chakula kilicholiwa juu yake, kisha la watu waliokaa kuizunguka. Kwa njia hiyo ndefu limefika katika Kiswahili likiwa bodi: bodi ya wakurugenzi, bodi ya shule. Mjumbe wa bodi hana habari kwamba amepewa jina la ubao. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimefanya safari inayofanana na hiyo bila kumuiga mtu. Ubao na bao ni neno moja la Kibantu, na kutoka kwenye kipande cha mti maana imesogea hadi kwenye mchezo unaochezwa juu yake, hadi kwenye uaguzi wa kupiga bao, na siku hizi hadi kwenye goli la mpira.

Tatizo lilizaliwa meza ilipotulia. Katika karne ya 16 na ya 17 maseremala wa Ulaya walianza kutengeneza kwa wingi meza zenye fremu ya kudumu, ulimi wa ubao mmoja ukiingia katika tundu la ubao mwingine na kufungwa kwa kigingi. Uso uliwekwa juu na kupigiliwa vigingi au misumari kupenya hadi kwenye fremu. Meza nyingi za mwaloni za wakati huo zilizosalia zina nyufa ndefu. Kosa hapa halikuwa la mikono, kwa maana mafundi wale walikuwa hodari sana wa kuchonga viungo. Walichokifanya ni kuuchukulia uso wa meza kama walivyouchukulia mguu wa meza, yaani kitu cha kutulizwa.

Marekebisho yalikuja kwa njia mbalimbali na hayakufuatana kwa utaratibu. Katika nchi za Kijerumani seremala alichonga chini ya uso mfereji mwembamba uliobanwa mdomoni na kupanuka ndani, kama mkia wa njiwa, na akasukumia humo ubao mwembamba wenye umbo hilohilo. Ubao huo uliuzuia uso usipinde, lakini haukutiwa gundi, hivyo uso uliweza kuteleza juu yake. Mahali pengine ncha mbili za uso zilivishwa vipande vya kukingama, vikaunganishwa kwa nguvu katikati tu na kuachwa huru kandokando. Katika karne ya 18 mafundi wa samani walitoboa fremu kwa ndani, kimshazari, na kupitisha skrubu hadi chini ya uso, na skrubu ikiwa ndani ya tundu kubwa kidogo kuliko shina lake, uso ulipata nafasi ya kusogea.

Skrubu yenyewe ilikuwa kitu cha gharama, kwa kuwa hesi zake zilikatwa kwa tupa, moja moja, na ncha yake ilikuwa butu. Mwaka 1846 Thomas J. Sloan wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kutengeneza skrubu zenye ncha kali, na mwaka 1854 John Sutton Nettlefold, kwa kushirikiana na shemeji yake Joseph Chamberlain, baba wa mwanasiasa mwenye jina hilohilo, alinunua haki za kuitumia Uingereza. Tangu hapo skrubu ikawa kitu cha fundi wa kawaida, na pamoja nayo kikaenea kifaa kidogo ambacho mhadhara huu utakirudia: kijibao chenye ulimi mfupi, ulimi ukiingia katika mfereji uliochongwa upande wa ndani wa fremu, na kijibao chenyewe kikifungwa kwa skrubu chini ya uso. Uso unapotanuka, ulimi huteleza ndani ya mfereji, na uso haunyanyuki wala haupasuki. Mafundi wa Kiingereza walikiita 'button', kwa jina lilelile la kifungo cha shati.

Meza yafika pwani

Waswahili hawakuwa na haja ya meza. Chakula kiliandaliwa juu ya sinia, sinia likawekwa juu ya mkeka, na watu wakakaa kulizunguka. Samani zilizochongwa kwa ustadi zilikuwa nyingine: kitanda, kasha, na kiti cha enzi cha Lamu na Pate kilichopambwa kwa pembe za ndovu. Neno kiti ni la nyumbani, nalo limejengwa kwa mzizi uleule wa mti. Kitanda kimejengwa kutokana na kutanda. Neno meza halina jamaa kama hao. Kitenzi kumeza ni jirani yake kwa sauti tu, ingawa ujirani huo umewafurahisha wanafunzi wengi.

Wataalamu walio wengi hulihusisha neno hili na Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Wapo waliokumbusha kwamba Kiajemi nacho kina neno mez kwa maana hiyohiyo. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani maneno ya Kiajemi katika Kiswahili si machache. Lakini umbo la neno linapinga. Kiswahili kinapopokea neno linaloishia kwa konsonanti kama z au r, kwa kawaida hulipa irabu i mwishoni: mismār ya Kiarabu ikawa msumari. Mez ingetarajiwa kuwa mezi. Mesa ya Kireno, ambayo s yake hutamkwa z kwa kuwa imo kati ya irabu mbili, haihitaji marekebisho yoyote. Tena neno limo katika kundi linaloeleweka, pamoja na kasha, bweta, pipa, kopo na foronya, vitu vya nyumba na vya merikebu. Parafujo, jina la zamani la skrubu, nalo ni la kundi hilo.

Hata hivyo ufundi wa kuunganisha mbao ulikuwapo pwani zamani kabla ya neno meza, na ulikuwa na hekima ambayo seremala wa mwaloni wa karne ya 17 angeifaidi. Mwandishi Mgiriki wa Periplus, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, anazitaja boti za kushonwa za Rhapta, na anaeleza kuwa mji ulipata jina lake kutokana nazo. Mtepe, ulioendelea kuundwa katika visiwa na bandari za kaskazini hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa wa jamii hiyo: mbao ziliwekwa ukingo kwa ukingo, zikatiwa vigingi, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kamba huvimba, hulegea, hukazwa tena. Chombo kilichoshonwa hupinda kidogo kinapopanda mchangani, na mbao zake hubaki pamoja pasipo kunyimwa mwendo.

Kwa nini basi meza za pwani zilipigiliwa misumari? Sababu moja ni ya hewa. Unyevu wa pwani ni mwingi na haubadiliki sana kati ya msimu na msimu, kwa hiyo ubao wa Unguja au Mombasa hausafiri mbali. Sababu nyingine ni mti wenyewe. Msaji na mbambakofi, zilizotumika katika milango ya mji, hazisumbui kama mwaloni. Mbawa za milango hiyo, zilizozunguka juu ya vidole vya mti vilivyoingizwa kizingitini, zilikuwa mbao za wima zilizopigiliwa juu ya mbao za kukingama, nazo zimedumu vizazi na vizazi. Fundi aliyezoea kuona msumari ukidumu mlangoni hakuwa na sababu ya kuushuku mezani. Kisha zikaja karakana za misheni, kama zile za Bagamoyo ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha kituo mwaka 1868, na mafundi kutoka Kachchh na Gujarat waliojaa Unguja katika karne hiyo. Meza ikawa samani ya shule, ya afisi na ya mahakama, ikaenda bara. Huko bara kiangazi ni kiangazi. Meza ya mninga iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa kupigiliwa, kisha ikapelekwa Dodoma, hukutana na hewa kavu ambayo babu zake hawakuijua. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamishia ofisi zake huko, jambo hili si la nadharia tu.

Nomino za bahari, vitenzi vya nyumbani

Ukiyapanga majina ya vitu vilivyo mbele ya seremala, utaona ramani ya Bahari ya Hindi. Meza na parafujo ni za Kireno. Msumari ni wa Kiarabu. Randa ni ya Kiajemi iliyopitia Bara Hindi, na gundi ni ya Bara Hindi. Skrubu na fremu zimekuja na Kiingereza. Hata namna maneno haya yalivyopokewa ina mafunzo. Katika mismār, mi- ya mwanzo ni kiambishi cha Kiarabu cha kuundia majina ya ala. Kiswahili hakikukijua kiambishi hicho, kikaisikia m yake kama m ya mti na mkeka, na mara moja kikatoa wingi: misumari. Skrubu haikupata bahati hiyo, imebaki bila kiambishi, umoja na wingi sawa. Keekee ya zamani inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu sehemu zake zilikuwa na majina ambayo vijana wengi hawayajui tena: chuma chenyewe, msukano wa mti kilimotiwa, jivu la kukandamizia kwa kiganja, na uta wa kuuzungushia. Msasa nao ni jina la mti ambao majani yake makavu yalitumika kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani, na leo mtu anayepelekwa kozi ya kupigwa msasa hafikirii majani.

Vitenzi ni habari nyingine. Kuchonga, kupasua, kutoboa, kuunga, kubana, kufunga, kupachika, kuchomeka, kubandika, kukaza, kushika: hakuna hata kimoja kilicholetwa na merikebu. Bahari ilileta vitu, na watu wa nyumbani wakasema nini kinafanywa kwa vitu hivyo. Hata ala ngeni ilipokosa kitenzi, ilikopeshwa piga: kupiga randa, kupiga msasa. Mgawanyiko huu una maana kwa kazi ya istilahi. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na hata baada ya BAKITA kuanzishwa mwaka 1967, uundaji wa istilahi umekuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya nomino. Hutafutwa jina la kitu. Nguvu ya Kiswahili katika karakana haiko huko.

Vitenzi vya kuunganisha vinaweza kupangwa kwa kuangalia kinyume chake. Kundi la kwanza lina kinyume kilichojengwa ndani ya kitenzi chenyewe: funga na fungua, bandika na bandua, pachika na pachua, chomeka na chomoa. Hapa kitendo kina pande mbili tu. Ulimi umechomekwa katika tundu au umechomolewa. Kaza haimo katika kundi hilo. Kinyume chake ni legeza, neno la mzizi mwingine, na kati ya kukaza na kulegeza pana ngazi nyingi. Kukaza ni kuondoa mwendo uliobaki: hukazwa kamba, hukazwa skrubu, hukazwa macho kwa kitu kimoja. Wanafonolojia walipotafuta neno la silabi inayotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine walichukua mkazo, na walichagua vyema.

Shika nayo haina kinyume cha ndani. Kinyume chake ni achia. Anayeshika ana uwezo wa kuachia, na kinachoshikwa kina uhai wake. Mtu anayemshika mtoto mkono barabarani hamzuii kutembea. Anamzuia kupotea. Anayeshika dini, anayeshika zamu, anayeshika njia, wote wamo katika uhusiano unaoendelea na kitu kilicho katika mwendo. Ni mzizi unaopenda viambishi. Shikana huonyesha vitu viwili vikishikwa kila kimoja na mwenzake. Katika shikamana kimeingia kiambishi kingine, -am-, kilekile kilichomo katika inama, tuama na fungamana, chenye kueleza hali ya kutulia katika mkao fulani, hivyo vitu vinavyoshikamana vimefikia kuwa kimoja. Mbao mbili zilizotiwa gundi ukingo kwa ukingo na kubanwa kwa jiriwa zinashikamana. Uso wa meza na fremu yake haitakiwi vishikamane.

Kinachotakiwa kinasemwa na shikiza. Kwa umbo ni kitenzi cha kusababisha, lakini kimeachana kwa maana na ndugu yake shikisha. Mtu hushikishwa kitu mkononi, au hushikishwa adabu. Kitu hushikizwa kwa kitu kingine: nguo hushikizwa kwa pini, pazia hushikizwa pembeni, mmea hushikizwa kwenye kijiti ili usilale. Katika mifano hiyo yote kitu kimezuiwa kuanguka au kuondoka, nacho bado kinapepea, kinavutika au kinakua. Hakuna lugha iliyoketi na kubuni tofauti hii kwa ajili ya maseremala. Imo tu, na maseremala wa Ulaya waliifikia kwa kupasua meza kwa zaidi ya karne moja.

Hapa ndipo hasara ya tafsiri isiyojali vitenzi inapoonekana. Mwandishi wa mwongozo wa ufundi anayekutana na kitenzi cha Kiingereza cha kuunganisha huvutwa kuandika kwamba uso wa meza ukazwe kwenye fremu. Sarufi yake haina kasoro. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi atatii, atakaza skrubu zote hadi mwisho, zikiwa katika matundu yanayozibana, na baada ya viangazi viwili kazi yake itakuwa na ufa. Atalaumiwa yeye, au zitalaumiwa mbao kwamba hazikukauka. Uso ushikizwe kwenye fremu: agizo hilo lingemwambia jambo sahihi kwa idadi ileile ya maneno.

Jina la kijibao

Kutokana na kitenzi hicho jina la kile kijibao chenye ulimi linapatikana bila taabu. Yanayoweza kushindania nafasi hiyo ni matatu. Kifungo lina faida ya kufanana na mazoea ya Kiingereza, lakini mzizi wake umo katika kundi la funga na fungua, na tena limeelemewa na maana ya jela. Kikazio lingesema kinyume cha kinachokusudiwa. Kishikizo ni neno ambalo kamusi tayari zinalitambua kwa maana ya kitu cha kushikiza, hasa kifungo cha nguo. Limejengwa kwa kanuni ileile iliyotoa kizibo, kifuniko na kiungo. Na halichanganywi na kishikio, ambacho ni mahali pa kushikia chombo kwa mkono. Ngeli yake ni ya ki- na vi-, kwa hiyo wingi hauleti shida: vishikizo vinne, vishikizo kumi. Neno hili linatosha pia kwa vifaa vya chuma vinavyofanya kazi hiyo, kama vile vipande bapa vyenye umbo la tarakimu nane ambavyo tundu lake moja hufungwa kwenye fremu na la pili chini ya uso, kisha kipande kizima kikawa kinazunguka kidogo uso unapotanuka.

Neno kaza nalo halifukuzwi mezani. Uso unaposinyaa, kando zake mbili husogea kuelekea katikati, na mstari wa katikati hubaki ulipo. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hufunga uso kwa nguvu katikati ya kila ubao wa fremu unaopita kwa mapana, na kuuacha huru kandokando, ili mwendo ugawanyike sawa pande zote mbili na meza isionekane imehamia upande mmoja. Agizo kamili, basi, linavihitaji vitenzi vyote viwili: katikati uso hukazwa, kando hushikizwa. Pamoja na hayo skrubu zinazoingia katika mti wa kishikizo chenyewe hukazwa, kwa sababu kishikizo husafiri pamoja na uso. Kinachoteleza ni ulimi wake ndani ya fremu. Mwandishi wa mwongozo akiichanganya miti hii miwili atarudi kule alikotoka.

Linabaki suala la tundu ambalo skrubu hupitia pale fundi asipotumia kishikizo. Tundu hilo hufanywa refu kwa kufuata upana wa meza, ili shina la skrubu lisogee ndani yake. Tundu refu ni maelezo wala si jina, na kwa sasa maelezo hayo yanatosha kitabuni. Kabla ya kamati yoyote kuketi kulibunia neno, ingefaa wanafunzi wa isimu watumwe kwenye karakana za Keko, Gikomba na Darajani, wakiwa na daftari na meza moja iliyopinduliwa miguu juu, wasikilize mafundi wanaliitaje.